Bidoni za Bluu na Bakuli la Uji

Tangu niache kazi, majirani zangu wa hapa Kamina wananiuliza nilikuwa nafanya nini kiwandani miaka yote ile. Nikiwajibu kwamba nilikuwa nazuia plastiki isigeuke nyeupe, wanatazamana. Mmoja alidhani nilikuwa nafua nguo za wakubwa. Clarisse, anayeshika mashini yangu sasa, ndiye aliyeniomba niandike. Alisema wale walioingia juzi wanajua kubonyeza vitufe, lakini hawajui kitufe kinaogopa nini. Basi naandika kwa ajili yake na wenzake. Nani alipandishwa cheo na lini, hayo muyatafute ofisini. Mimi nitasema ya kwenye sakafu.

Nilizaliwa katika nyumba za reli. Baba alikuwa mtu wa treni, na sisi watoto tulijua saa kwa kusikia, treni ilipokubali kufika kwa saa yake. Kiwanda kilipofunguliwa karibu na gare, stesheni ya treni, kikitengeneza chupa na bidoni, yale madumu ya maji na mafuta ya kula, walitafuta wasichana wa kufunga mifuko, nami nikaenda. Siku ya kwanza tulipanga mstari nje ya mlango. Kumbe ndani msaidizi wa mashini kubwa alikuwa amelazwa na malaria. Mwendesha mashini, Papa Kabongo, akatoka na kofia yake mkononi, akatupitishia macho, akasimama mbele yangu.

“Weye, mikono yako iko mikavu?”

“Iko mikavu, papa.”

“Kuya.”

Nikamfuata ndani. Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye poliesta. Mifuko sikuifunga hata siku moja.

Swali la mikono nililichukua kama adabu ya wazee. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba unyevu ni adui wa kwanza wa plastiki yetu. Poliesta ni ileile inayofumwa kuwa mashati yasiyohitaji pasi, na ileile ya chupa za maji. Inatufikia ikiwa punje ndogo kama mchele, na punje hizo zinakunywa unyevu wa hewa kama chumvi wakati wa mvua. Ukiziyeyusha kabla hazijakaushwa vizuri, nyuzi zake ndefu zinakatika vipande, na chupa inayotoka inapasuka bila sababu ya maana. Papa Kabongo hakumruhusu mtu yeyote kugusa punje kwa mkono wenye jasho, hata mkurugenzi. Mkurugenzi alipokuja na wageni, alisimama mbali na pipa la punje, mikono nyuma, kama mtu aliye kanisani.

Papa Kabongo alitoka katika familia ya wakulima Wakatoliki wa kijiji cha karibu na mji. Mashini alijifunzia kule Base, kambi ya jeshi nje ya mji, akiwa raia anayetengeneza jenereta za wanajeshi. Hakuwa mtu wa maneno. Akitaka kujua mashini imeamkaje, aliweka kiganja juu ya ubavu wake na kunyamaza, nawe ulijua kwamba wakati huo haulizwi kitu. Kiswahili alikisema kwa sauti ya Kiluba, na mtu mkubwa akimwambia jambo alijibu “Eyo, vidye”, lile jibu la heshima la kwao. Ilinichukua muda kutambua kwamba “eyo” zake hazikuwa zote za kukubali.

Wapya wanapenda kuharakisha hapa, kwa hiyo nitasema kazi yenyewe polepole. Mashini ya kwanza inayeyusha punje na kuzisukuma ndani ya kalibu iliyopozwa kwa maji ya baridi. Kinachotoka kinaitwa preforme: kibomba kifupi, kinene, chenye shingo ya chupa tayari, kinachoonyesha upande wa pili kama kioo. Mashini ya pili inakipasha moto tena na kukipuliza mpaka kiwe chupa au bidoni. Mambo yote mabaya yanatokea kati ya moto na baridi. Nilipomuuliza Papa Kabongo kwa nini kalibu lazima iwe baridi hivyo, alinijibu kwa swali.

“Umeona mawese mu miezi ya baridi, asubui?”

“Inaganda. Inakuwa na punje-punje.”

“Njo vile. Ikipoa polepole, inapata wakati ya kujipanga. Ukiingiza mara moja mu baridi kali, wakati inakosa. Hii plastiki ikijipanga, inakuwa nyeupe. Kisha inavunjika.”

Kwa miaka kadhaa huo ndio ulikuwa ujuzi wangu wote, na ulinitosha. Enjenia Mwamba alipokuja kutoka Lubumbashi, kijana mwembamba mwenye miwani aliyeifuta kila alipowaza, alitupa jina la kitu kile: fuwele. Alichora ubaoni nyuzi za poliesta zikiwa zimevurugika kama uzi kwenye kapu la fundi cherehani, kisha akachora sehemu ndogo ambapo nyuzi zimekunjwa na kupangwa bega kwa bega. Sehemu hizo ndizo fuwele. Mwanga ukizikuta unatawanyika, na macho yetu yanaona weupe. Papa Kabongo alitazama ubao muda mrefu, akasema, “Njo mawese,” yaani ndiyo mawese yaleyale. Enjenia akafuta miwani yake, akakubali kwamba njo mawese.

Enjenia ndiye aliyetufundisha pia habari za vitu vinavyoongezwa, ambavyo sisi tuliviita viungo, kama vya mchuzi. Kuna kiungo cha rangi, kuna cha kulainisha, kuna cha kuzuia jua lisiharibu. Ukiweka kiungo kwa ajili ya kazi moja, alisema, usidhani kitafanya hiyo tu. Niliandika maneno hayo kwa chaki pembeni ya mashini, yakafutwa na watu wa usafi siku ileile.

Sasa nifike kwenye mwaka wa bidoni.

Kipindupindu kilikuwa kimeingia upande wa mto, Bukama na vijiji vyake. Watu wa afya walikuwa wakitia dawa kwenye maji pale pampuni, kisha kuzigawia familia bidoni zilizojaa. Waliagiza kwetu bidoni nyingi, na waliomba ziwe za bluu. Sababu yao ilikuwa nzuri. Nyumba nyingi zina bidoni ya mawese, ya petroli na ya kila kitu, na mama anayeamka na mtoto mgonjwa asikosee. Tulikuwa na rangi ya bluu tuliyoizoea, lakini shehena yake ilikwama njiani. Muuzaji akatuletea nyingine. Kwa macho ilikuwa bluu ileile. Enjenia aliilinganisha na ya zamani mbele ya dirisha, akatia sahihi, tukaanza.

Bidoni zilipakiwa kwenye treni, zikapita Luena, zikafika. Baada ya siku chache akaja mtu mmoja anayeitwa Banza, mfanyakazi wa afya wa kule mtoni, akiwa na bidoni moja chini ya kwapa. Kitako chake kilikuwa kimepasuka kama yai. Aliiweka juu ya meza ya mkurugenzi, nasi tuliokuwa karibu tukaitwa.

“Hii ilipasukia mu mikono ya mama mumoja,” alisema. “Alikuwa anapelekea mutoto wake mayi. Mayi yote ikamwangika. Sasa yeye angefanya nini? Alirudia ku mto.”

Hakupaza sauti. Aliongeza tu kwamba haikuwa moja, kisha akaomba kiti.

Mkurugenzi alichukua ile bidoni akaigeuza. Kwenye kitako, pale plastiki inapoingilia kalibu, palikuwa na wingu jeupe, jepesi, kama pumzi kwenye kioo. Kila mtu katika chumba kile alijua maana ya weupe: maji ya kupozea hayakuwa baridi ya kutosha. Na maji ya kupozea yalikuwa mikononi mwa Papa Kabongo. Umeme ulikuwa ukikatika sana siku zile, na ilijulikana kwamba mara nyingine aliipumzisha mashini ya baridi ili kuokoa jenereta. Mkurugenzi alimuuliza kama aliipumzisha wiki ile. Papa Kabongo akasema hapana. Mkurugenzi akasema kwamba hata hivyo, mpaka mambo yaeleweke, afadhali akae uani kuchambua bidoni zilizorudi.

“Eyo, vidye,” alisema Papa Kabongo, akavaa kofia yake.

Mimi niliwekwa kwenye mashini yake. Nilisimama mahali ambapo alikuwa amesimama tangu mlango wa kiwanda ufunguliwe, na dirishani nilimwona akiwa ameinama katikati ya lundo la bluu. Wafungaji wa mifuko waliacha kumsalimu kwa jina lake. Sijui waliogopa nini. Saa ya chakula nilishindwa kula, nikampelekea sahani yangu. Aliila bila kunitazama, akanirudishia sahani, akasema nisisahau kusafisha chujio la maji.

Kilichonisumbua ni hiki: asubuhi moja ya wiki ileile, kwa mashini ileile na maji yaleyale, tulikuwa tumetoa preforme zisizo na rangi kwa ajili ya mafuta ya kula. Nilizifuata ghalani. Zilikuwa safi kabisa. Nilichukua moja, nikachukua na ya bluu, nikaikata kwa msumeno. Ndani, kwenye unene wa kitako, ya bluu ilikuwa nyeupe kama nazi. Nikapeleka vyote kwa Enjenia Mwamba, ambaye sote tulimwita Chef, nikamnyooshea ile isiyo na rangi.

“Chef, kama ni mayi ya baridi, juu ya nini hii haina weupe?”

Alivishika muda mrefu, akifuta miwani kwa mkono mwingine. Nilimwona akielewa kabla hajasema, na nilimwona pia akikumbuka sahihi ya nani iko kwenye rangi ile.

“Tupeleke vipande Lubumbashi, kwenye maabara,” alisema. “Kule biko na mashini yenye inapasha kipande na inaonyesha kinaanza kujipanga ku joto gani. Lakini majibu itakawia.”

“Na bantu ya Bukama?”

Akaviweka vipande mezani. Kisha akauliza kama nilijua mahali pa kupata sufuria na mafuta.

Mbele ya lango letu Mama Ngalula alikuwa akikaanga mikate, yale maandazi ya mviringo ya asubuhi. Tulimwomba sufuria yake na mafuta yake, na kwa kuwa alimheshimu Enjenia alikubali kabla ya kuuliza kwa kazi gani. Tulizifunga kwa waya preforme tatu: moja isiyo na rangi, moja ya bluu mpya, na moja ya bluu ya zamani ambayo karani alikuwa akiitumia kuwekea kalamu. Mafuta yalipashwa kiasi, moto wa kabla ya kutia madonge ya unga. Enjenia akaniomba nimwite Papa Kabongo. Alikuja akasimama nyuma ya watu, kofia kichwani.

Tukazitumbukiza pamoja. Kwa muda hakukuwa na kitu cha kuona, na Mama Ngalula alianza kuuliza tunapika nini. Halafu bluu mpya ikaanza kufifia. Weupe ulianzia kitakoni, ukapanda kwenye ubavu, na rangi ikawa ya maziwa yaliyotiwa wino. Bluu ya zamani ilikuwa bado inang'aa. Isiyo na rangi ilikawia kuliko zote. Mwishowe nayo iligeuka, kama tulivyojua itageuka, lakini kwa wakati huo bluu mpya ilikuwa imeshakuwa ngumu hata Enjenia alipoigonga kwenye jiwe ikavunjika vipande.

Watu walikuwa wamejaa, na mkurugenzi alikuwa ametoka kwenye baraza. Enjenia Mwamba angeweza kumfuata ofisini na kumweleza wakiwa wawili, nami nisingemlaumu. Hakufanya hivyo. Alivua miwani.

“Papa Kabongo,” alisema, “mayi yako ilikuwa ya muzuri. Miye njo nilikubali hii rangi. Nilitazama tu bluu yake. Sikutafuta kujua bamechanganya nini pamoja nayo. Utusamehe.”

Papa Kabongo alitazama sufuria.

“Mutoe ile ingine,” alisema, “inaharibu mafuta ya mama.”

Mafuta yalikuwa yameshaharibika. Mama Ngalula alitangaza kwamba hayo hata mbwa wake hawezi kumpa, na siku ile Kamina ya upande wa gare ilikosa mikate.

Mkurugenzi alimwambia Papa Kabongo arudi kwenye mashini mara moja. Yeye akasema “Eyo, vidye”, akarudi uani, akamaliza kwanza lundo lililobaki mpaka bidoni ya mwisho. Ndipo alipoingia, akaweka kiganja kwenye ubavu wa mashini, nami nikasogea.

Tulitoa bidoni bila rangi, tukazitia vifuniko vya bluu. Vifuniko ni vya plastiki nyingine isiyo na ugomvi huu. Banza alisafiri nazo mwenyewe kwenye behewa la mizigo, akizikalia. Nilipomwona tena nilimuuliza habari za yule mama. Alisema mtoto alilazwa, akapona. Wengine wa kijiji kile hawakupona. Kama walikunywa maji ya mto kwa sababu ya bidoni zetu, au wangeyakunywa tu, Banza hakujua, na mimi sitajua. Ninawaambia ninyi jambo hili kwa sababu siku mkichoka mtaona weupe kidogo kwenye kitako na mtajiambia ni chupa tu.

Majibu ya Lubumbashi yalifika baadaye, yakatueleza kile ambacho sufuria haikuweza kutuonyesha. Unga uliobeba ile rangi ulikuwa na vumbi laini la jiwe. Kila chembe ya vumbi ilikuwa kama kiti kilichotandikwa: nyuzi za poliesta zikipita karibu zinakaa, na nyingine zinajipanga juu yake. Bila chembe hizo zingehitaji muda mrefu kuanza. Kuna viungo vingine vinavyofanya kinyume. Poliesta nzuri ya chupa huwa imechanganywa tangu mwanzo na ndugu yake asiyefanana nayo sana, ili nyuzi zikitaka kujipanga zikute mmoja aliyekaa vibaya kwenye mstari. Kila familia ina mtu kama huyo, na kwetu sisi wa chupa ana faida.

Tangu hapo hakuna rangi, wala dawa ya jua, wala punje za chupa za zamani zilizosagwa, iliyoingia mashinini kabla ya kupita kwenye mafuta ya moto. Enjenia alinunua sufuria ya kiwanda. Wageni waliokuja kututembelea walidhani tunajipikia.

Miaka ilikwenda. Papa Kabongo aliacha kazi, mimi nikawa mkubwa wa zamu, Enjenia Mwamba akaota mvi. Siku moja masista wa maternite, hospitali ya wazazi, walituletea shida yao. Ndugu za wazazi walikuwa wakileta uji kwenye chupa zetu zilizokatwa katikati, na chupa ya kawaida ikikutana na uji wa moto inajikunja kama jani. Mama mmoja alikuwa ameungua mapaja. Enjenia alikaa na jambo hilo siku kadhaa, kisha akaniita.

“Mama Odette, maisha yetu yote tunafukuza fuwele. Lakini poliesta yenye kujaa fuwele haiogope moto. Kama tungeziita sisi wenyewe?”

Tuliziita. Tulitia unga wa talki, laini kama ule wanaopaka watoto, na kalibu ya bakuli tukaipasha moto badala ya kuipoza. Lengo lilikuwa fuwele nyingi sana na ndogo sana, zote zikianza pamoja. Mwili wangu wote ulikataa. Mara ya kwanza nilipoona kitu cheupe pepe kikitoka kwenye mashini yangu, mkono ulikwenda wenyewe kwenye kitufe cha kusimamisha, na Enjenia akaushika. Tulimimina maji yaliyochemka kwenye bakuli lile. Halikujikunja.

Jumapili, baada ya misa, nilimpelekea Papa Kabongo bakuli moja. Macho yake yalikuwa yamekwisha karibu yote. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, na mke wake, Mama Euphrasie, alikuwa na uji jikoni. Nilimwekea bakuli mikononi, nikamweleza habari za talki na kalibu ya moto. Alilipapasa pande zote, akaligonga kwa kucha.

“Iko nyeupe?”

“Iko nyeupe, papa. Kabisa.”

Alicheka kidogo. Kisha akanyoosha mkono mbele na kuliachia. Lilianguka kwenye saruji, likapasuka vipande viwili.

Nilikasirika, na nadhani alisikia pumzi yangu.

“Sasa hii naangushaka kila kitu,” alisema. “Kikombe, rozari, fimbo. Mikono haisikie tena. Na mama mwenye anatoka kuzala, mikono yake iko namna gani?”

Tulikuwa tumepima moto mara nyingi, na kuanguka hatukupima hata mara moja. Jumatatu nilimwambia Enjenia, akafuta miwani. Tulipunguza talki. Tukaongeza kidogo plastiki laini ya aina ya mifuko, ipokee pigo, na tukatafuta tena muda wa kukaa kwenye kalibu. Mabakuli mengi yalivunjwa na mimi mwenyewe, kwenye sakafu ya kiwanda, kabla sijarudi kwa Papa Kabongo na jingine.

Hakuuliza rangi. Alinyoosha mkono mbele, akaliachia. Liligonga saruji, likaruka, likajizungusha likaingia chini ya kitanda. Alitulia akisikiliza mpaka liliponyamaza.

“Mama,” alimwambia mke wake, “uniletee uji yangu mule.”

Nilipiga magoti nikalitoa chini ya kitanda, nikaenda kuliosha. Mama Euphrasie akamimina uji ukiwa bado unatoa moshi. Papa Kabongo alilishika bakuli kwa mikono miwili, akanywa uji polepole mpaka ukaisha, nami nilibaki nimekaa mbele yake nikitazama kitako cha bakuli.